Kuiandaa nyumba kwa mauzo Mbinga na Nyasa: Karatasi kwanza, rangi baadaye

Mwenye nyumba anayetaka kuuza aghalabu huanza na ndoo ya rangi. Hupaka kuta za mbele, hufyeka majani uani, kisha humwita dalali. Wiki mbili tatu baadaye wanunuzi wamekuja na kuondoka, na wote wameuliza swali moja: "Mzee, karatasi za nyumba ziko wapi?" Hapo ndipo muuzaji huanza kutafuta karatasi, na wakati huo shida iliyomfanya auze imekwisha kumfika mlangoni.

Ni nadra nyumba kuuzwa kwa starehe. Huuzwa kwa sababu ada ya shule imefika, mgonjwa yuko hospitali, warithi wanataka mgawo wao, au mfanyabiashara anatafuta mtaji. Fedha hizo zina tarehe. Mnunuzi mzoefu huijua tarehe hiyo, hukaa kimya na kusubiri bei ishuke. Kwa hiyo kuiandaa nyumba ni kujipa muda, ili muuzaji asikutwe akihangaikia mhuri huku mnunuzi akihesabu siku.

SOKO LIMEBADILIKA

Zamani nyumba nyingi za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa ziliuzwa baina ya watu waliofahamiana. Jirani alimuuzia jirani, mipaka ilijulikana na shahidi alikuwa mjomba. Hali hiyo inazidi kubadilika. Barabara ya lami kutoka Songea imefika Mbinga, na kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay nazo zimewekwa lami. Umeme wa gridi ya Taifa uliingia Ruvuma kwa njia ya Makambako hadi Songea mwaka 2018. Meli ya MV Mbeya II ilianza safari ziwani mwaka 2021, na ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay umekwisha kuanza. Upande wa Ngaka makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa tangu mwaka 2011.

Maendeleo hayo huleta mnunuzi asiyemjua mjomba wa mtu. Anatoka Songea, Njombe, Mbeya au Dar es Salaam. Hana namna ya kujua nani ni mwenye mali isipokuwa kwa karatasi, wala hana namna ya kujua kama msingi ni mzima isipokuwa kwa macho yake na ya fundi wake. Asichokihakiki hukitilia mashaka, na kila shaka huitoa katika bei.

Muuzaji naye ajihadhari na bei za ndoto. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwa mfano, bado imo katika mipango. Anayepandisha bei leo kwa ajili ya treni isiyokuwepo huishia kukaa na nyumba yake.

KARATASI GANI ZINAHITAJIKA?

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuimiliki na maendelezo yaliyo juu yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001, na ndizo zinazoongoza mauzo hayo.

Kwa kiwanja kilichopimwa mjini, karatasi kuu ni hati miliki, ambayo huweza kuwa ya miaka 33, 66 au 99. Wako wenye barua ya toleo tu, ambao hawakuwahi kukamilisha hati. Barua hiyo inafaa kuanzia, lakini mnunuzi makini atataka hati yenyewe, au atapunguza bei kwa usumbufu wa kuifuatilia. Kwa ardhi ya kijiji karatasi ni hati ya hakimiliki ya kimila, na uhamisho wake hauwezi kuiruka Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti peke yake si Halmashauri. Unatakiwa muhtasari wa kikao.

Kwa eneo hili lipo jambo la pekee. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Mbinga yenyewe sasa ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Kwa kawaida karatasi za zamani za viwanja vya Mbamba Bay, Liuli au Lituhi zina mhuri wa Mbinga, ilhali ofisi inayohusika leo ni ya Nyasa. Mhuri wa zamani hauharibu haki ya mtu. Hata hivyo muuzaji ahakikishe mapema kwamba jalada lake linaonekana katika ofisi ya sasa, kwani mnunuzi akienda kuulizia akaambiwa halipo, hatarudi kuuliza mara ya pili.

Baada ya hapo muuzaji afanye mwenyewe kile ambacho mnunuzi atakuja kufanya. Aombe upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati. Alipe kodi ya pango la ardhi aliyolimbikiza na kutunza risiti. Atembee mipaka pamoja na majirani wote, aone mawe ya upimaji, na penye ubishi aumalize kabla tangazo halijatoka.

Mita ya LUKU pia ikaguliwe. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia mita hiyo, na tangu Julai 2023 kiwango kwa nyumba ya kawaida kimekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba iliyofungwa muda mrefu bila kununuliwa umeme hulimbikiza deni, na mnunuzi atalikuta siku ya kwanza anapoweka umeme.

NYUMBA YENYE WENYEWE WENGI

Mauzo mengi hukwama kwa watu kuliko kwa ofisi. Kwanza ni mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa hiyo iandikwe na kutiwa saini mbele ya wakili. Mke aliyekuwa shambani siku ya mauziano anaweza kesho kuwa mlalamikaji mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba.

Pili ni mirathi. Nyumba yenye jina la marehemu haiwezi kuuzwa kihalali na mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye anayekaa humo. Ukoo ukutane, muhtasari uandikwe, na msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Msimamizi huyo ndiye mwenye mamlaka ya kusaini, naye anawajibika kwa warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa mbali. Kazi hii huchukua miezi. Ndiyo sababu inapaswa kuanza kabla ya nyingine zote.

Tatu ni rehani. Aliyewahi kukopa kwa dhamana ya nyumba apate barua ya kufutiwa rehani, na daftari la hati lirekebishwe. Benki ya Wananchi Mbinga ilifutiwa leseni na Benki Kuu Mei 2017, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Benki kufungwa hakufuti rehani. Kama hati iliwekwa humo, anayehusika na kuitoa ni mfilisi, na barua yake ipatikane kabla mnunuzi hajaitwa.

NYUMBA YA MLIMANI

Karatasi zikishakaa sawa, ndipo zamu ya nyumba yenyewe. Katika Milima ya Umatengo adui mkubwa wa nyumba ni maji. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na viwanja vingi viko kwenye mteremko. Wamatengo walilijua hilo tangu zamani, wakabuni kilimo cha ngoro, ambapo mashimo hukamata maji ili yasibebe udongo. Nyumba nayo inahitaji akili hiyo hiyo. Maji yanayoteremka nyuma ya nyumba yakatwe kwa mfereji kabla hayajafika ukutani, yazungushwe na kutupwa chini ya uwanja.

Mnunuzi anayeelewa hatazami rangi ya mbele. Huenda nyuma, upande wa mlima, akatazama sentimita 50 za chini za ukuta. Akiona plasta imevimba, chumvi nyeupe imejitokeza juu ya matofali ya kuchoma, au ukungu unapanda, hujua msingi unakunywa maji. Rangi mpya mahali hapo humwongezea mashaka, maana hujiuliza kinachofichwa ni nini. Dawa ni kuchimba mfereji, kubandua plasta mbovu, kuacha ukuta ukauke barabara, ndipo kupiga plasta upya.

Kisha lifuate paa. Misumari ya bati iliyolegea au iliyopoteza raba zake ibadilishwe, na kofia ya paa ikazwe. Doa la maji darini lisipakwe rangi kabla chanzo hakijazibwa. Fundi apande darini aangalie kenchi kama zimeliwa na mchwa, kwani mbao iliyoliwa hutoa sauti ya uwazi ikigongwa. Milango ifunge bila kusukumwa kwa bega, vitasa viwe na funguo, na choo na karo vifanye kazi bila harufu.

NYUMBA YA ZIWANI

Ukishuka Mbamba Bay au Liuli, maswali hubadilika. La kwanza ni umbali kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira. Muuzaji achukue futi kamba, apime, na ajue jibu kabla ya kuulizwa. Kama jengo limo ndani ya mita hizo, ushauri wa ofisi ya ardhi na ya mazingira ya wilaya utafutwe kwanza, na mnunuzi aelezwe wazi. Anayeficha hujitafutia kesi, na dalali anayesema "hapo hakuna anayefuatilia" hatakuwepo siku kesi itakapotajwa.

Swali la pili ni ziwa lenyewe. Maji ya Ziwa Nyasa hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka mingi, na karibu na mwaka 1980 yalipanda mno. Mnunuzi wa busara atauliza maji hayo yalifika wapi. Mzee wa jirani anayekumbuka alama hiyo ni shahidi bora kuliko tangazo lolote.

La tatu huulizwa na wageni wanaosikia habari za mpaka. Mvutano kati ya Tanzania na Malawi, uliopamba moto tena mwaka 2012, unatokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na unahusu maji ya ziwa. Nchi kavu ya mwambao haimo katika ubishi huo.

Kwa upande wa jengo, joto la ziwani linadai hewa. Madirisha yawe mapana yenye nyavu nzima za kuzuia mbu, na dari iwepo ili bati lisichome vyumba. Ardhi ya mchanga huacha nyufa kwenye kona za msingi. Fundi azikague kama ni za zamani zilizotulia au bado zinapanuka. Maji ya matumizi yatokeako, na choo kiliko, vyote vionekane.

Aidha muuzaji asipotezewe muda na hadithi za mgeni kutoka ng'ambo atakayenunua ufukwe kwa bei kubwa. Mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Mauziano ya pembeni, ambapo jina la raia linaazimwa, huweza kumrudia muuzaji.

HESABU YA MUUZAJI

Ichukuliwe nyumba ya vyumba vitatu inayotajwa shilingi 48,000,000. Takwimu zinazofuata ni za mfano wa somo, si bei za soko.

Paa linavuja sebuleni. Fundi na vifaa ni 350,000, lakini mnunuzi anayehofia mbao zote hukata 2,000,000. Maji husimama nyuma ya nyumba. Mfereji ni 400,000, mnunuzi hukata 3,000,000 kwa kuuhofia msingi. Jina ni la marehemu. Mirathi, nauli na wakili ni 900,000, mnunuzi hukata 8,000,000 kama hakuondoka kabisa. Kodi ya pango inadaiwa 250,000, mnunuzi hukata 500,000.

Jumla ya gharama za muuzaji ni 1,900,000. Jumla ya makato ya mnunuzi ni 13,500,000, na nyumba inabaki na bei ya 34,500,000. Anayegharimia mapema hubaki na faida ya 11,600,000 juu ya yule asiyegharimia.

Upande wa pili, muuzaji mwingine anaweka vigae na dari ya jipsamu kwa 5,000,000. Mnunuzi anavutiwa na kuongeza 2,000,000 tu, maana ana mapenzi yake mwenyewe ya vigae. Milioni 3 zimepotea. Fundisho ni kwamba fedha inayoondoa hofu hurudi na nyongeza, ilhali fedha ya urembo mara nyingi hairudi yote.

KODI NA RISITI

Mauzo ya nyumba yana kodi ya ongezeko la mtaji, nayo ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, nyumba ambayo mtu ameimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na kuishi humo jumla ya miaka isiyopungua mitatu, husamehewa kama faida haizidi shilingi 15,000,000. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliweka asilimia 3 ya bei, au ya thamani iliyothibitishwa kama ni kubwa zaidi, kwa muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama.

Nyumba ya kupangisha iliyogharimu 40,000,000 kwa risiti ikiuzwa 48,000,000, faida ni 8,000,000 na kodi ni 800,000. Bila risiti kodi ni 1,440,000. Tofauti ya 640,000 ni thamani ya bahasha ya risiti za saruji, bati na fundi. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa desturi hubebwa na mnunuzi, lakini uandikwe katika mkataba nani atalipa. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka, viwango vithibitishwe TRA kabla ya kusaini.

KALENDA YA MAUZO

Kahawa ndiyo saa ya soko la Mbinga. Mavuno huwa katikati ya mwaka, na malipo ya wakulima hufuata baada ya mauzo kupitia vyama vya msingi. Muuzaji mwenye mpango atumie mwanzo wa mwaka kwa mirathi, ridhaa na upekuzi. Mei mvua zikikatika, afungue mifereji na kurekebisha paa. Juni na Julai ni baridi na ukungu milimani, kuta hukauka polepole, zisiharakishwe. Agosti ndipo ndoo ya rangi inunuliwe. Kuanzia Septemba nyumba itangazwe, fedha za msimu zikiwa mikononi na barabara za ndani zikipitika. Anayeshtukia mvua za Novemba atamwonyesha mnunuzi uvujaji wake wote kwa siku moja.

SIKU YA MAUZIANO

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, vinginevyo haukaziki mbele ya sheria. Utaje kiwanja, bei, tarehe za malipo, vitu vinavyobaki ndani ya nyumba, na siku ya kukabidhi. Fedha zipitie benki, si mfuko wa plastiki, na ufunguo na hati asilia visitoke kabla malipo hayajakamilika. Dalali aandikiwe ujira wake mapema. Uhamisho wa miliki unahitaji uthamini na idhini ya mamlaka ya ardhi, hivyo mkataba useme ni nani atakayefuatilia ofisi ya ardhi ya mkoa, Songea.

KWA UFUPI

Muuzaji wa Mbinga au Nyasa aulize maswali matano kabla ya kumwita dalali. Je, jina kwenye hati ni la anayesaini? Je, mwenzi na warithi wameridhia kwa maandishi? Je, mipaka, na kwa nyumba ya ziwani mita 60, imepimwa? Je, maji ya mvua yana njia mbali na ukuta? Je, risiti za ujenzi na kodi zimo katika bahasha moja? Mwenye "ndiyo" tano anaweza kukataa bei ya kwanza na kungoja ya pili. Asiye nazo huuza kwa bei ya shida yake, na shida haijawahi kuwa mthamini mwema.